Udongo wa Kichuguu

Rosalina alipumzika mara tatu kabla ya kufika zahanati. Njia hiyo zamani aliimaliza na ndoo kichwani huku akipiga soga. Kila alipoketi, mama mkwe wake, Bibi Yustina, alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Tena?"

"Miguu, Mama."

"Kitandani mbona hiyo miguu haikuumi?"

Zamani angejibu, na wote wawili wangecheka, maana Rosalina alipoolewa pale kijijini Ziwani alisifika kwa ulimi na kwa jembe. Sasa jua lilimkuta kitandani, mboga iliungua akiitazama, na jambo dogo la chumvi lilimfanya afokee watu. Mwenyewe alishaamini kwamba amegeuka mtu mbaya, ila hakujua lini.

Kitu kimoja tu alikitamani: udongo wa kichuguu. Aliufunga kwenye pindo la kanga, akaumung'unya kwa siri. Bibi Yustina alipomfuma alifurahi kupita kiasi, kwa kuwa mwanamke anayekula udongo ana mimba, nani asiyejua? Miezi mitatu alimpikia uji wa karanga, akamkataza kuchota maji, akawatangazia majirani. Tumbo halikukua. Ndipo uji ukakoma na ukoo ukakaa kikao: huyu ni mvivu, tena mwongo. Jumapili kaka yake Rosalina, Cesar, angekuja kutoka Kilambo kumchukua. Mateus, mumewe, alikuwepo kikaoni. Alitazama chini, akasema, "Kama mlivyoamua."

Lilibaki jambo moja. "Kwanza tukapime," Bibi Yustina alisema, "isije ikasemwa tumemrudisha na mimba yetu."

Nesi Pendo, aliyehamishiwa hapo kutoka Singida, alipima akatikisa kichwa. "Mimba hakuna."

"Nilijua. Inuka twende."

"Ngoja kwanza, bibi." Nesi alivuta chini kope ya Rosalina. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya nazi. Akampima damu, akampa na kikopo cha kutilia choo. Wakangoja barazani, Rosalina amesinzia ukutani.

Majibu yalipotoka, nesi aliwaita. "Ni safura. Minyoo midogo sana, inang'ang'ania utumbo inanyonya damu. Mtu akipungukiwa damu hivi hana nguvu, hana raha, hasira ziko karibu. Wengine hutamani hata udongo. Wewe dada, unautamani?"

Rosalina alianza kulia, bila sauti, kwa sababu hata kulia kulimchosha.

"Kumbe si yeye," Bibi Yustina alisema polepole. "Ni wadudu."

"Na wadudu hao huingilia kwenye nyayo, ukikanyaga peku udongo wenye kinyesi. Choo mnacho?"

Bibi Yustina akakohoa. Choo kiliporomoka kwa mvua za mwaka juzi. Mateus alisema atachimba kingine baada ya korosho. Korosho zikauzwa, zikaja nyingine. Watu wa nyumba wakawa wanajisaidia nyuma, kwenye kivuli cha mikorosho, na aliyepalilia hapo kila mvua zilipoanza ni Rosalina, peku.

"Tunacho," alisema bibi. "Cha zamani kidogo."

"Mama, usimdanganye nesi," alisema Rosalina. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu waingie.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu.

Jumapili asubuhi Cesar alifika, akakuta begi la dada yake mlangoni. Mateus alimpokea kwa tabasamu.

"Shemeji, mambo yamekwisha. Ilikuwa minyoo tu. Dada yako haendi popote."

"Nani kasema?" Rosalina aliuliza kutoka mkekani. "Mimi nilipochoka mliniitia kikao. Wewe choo kimekushinda tangu mwaka juzi, nani alikuitia kikao? Na wewe una minyoo?"

Cesar alicheka, akaona anacheka peke yake, akaketi juu ya begi.

"Chimba," Rosalina alisema. "Shimo likikumeza kichwa kabla ya jioni, nitabaki. Lisipokumeza, naondoka na kaka yangu."

Mateus alimtazama mama yake. Mama yake akatazama koleo.

Alichimba. Adhuhuri shimo lilimfika kiunoni. Alasiri lilimfika mabegani, na Bibi Yustina akatoka jikoni na bakuli la uji wa karanga. Mateus akanyoosha mkono. Bibi akampita, akaenda kumpa Rosalina.

Rosalina aliunywa taratibu. Alijua anapaswa kufurahi, lakini furaha nayo inataka damu, na yeye damu hakuwa nayo bado. Alipomaliza, alitazama shimoni. Hakuona kichwa, aliona mchanga tu ukirushwa juu.

"Kaka," alisema, "nirudishie begi ndani. Mimi siliwezi."