Mikrofoni Iliyovaa Soksi Yangu

Niliota usiku wa jana kwamba nimefungua kabati la nguo kutafuta shati, nikakuta humo studio. Sikushangaa. Nilichojali ni sauti yangu, iliyokuwa imekauka tangu juzi, na leo mchana mimi ndiye mshenga wa mpwa wangu Hamdani. Sasa nitaposa kwa mikono?

Fundi mitambo ni koti langu la harusini. Limening'inia kwenye henga, limevaa hedifoni masikioni, ingawa halina masikio. Mikrofoni nayo inatetemeka kwa baridi.

"Babu, sauti yako ninayo mimi," inasema mikrofoni. "Ilikutoka ukimsimulia jirani habari za yule chui uliyemfundisha kufagia uwanja."

Nikaieleza kwamba alikuwa anafagia vizuri sana. Koti likakohoa.

Sharti likawa moja: nirekodi mistari kumi na sita juu ya biti ya drili, ile rapu ya vijana, bila kusimama, ndipo nirudishiwe. Nikauliza kwa mnong'ono nitarapu na nini. Koti likasema mnong'ono huo huo unatosha, drili ni maneno ya mtu mwenye hasira anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Ila usinitemee mate," inasema mikrofoni. Basi nikavua soksi ya mguu wa kushoto, nikaivisha. Ikashukuru, ikasema soksi ina joto, japo ina historia.

Biti ikadondoka. Ilidondoka kweli, kutoka juu ya kabati tunapoweka sanduku. Besi ikateleza, sakafu ikateleza nayo, na kabati zima likaenda kutua sebuleni kwa wakwe, wazazi wa Salha tunayemposea Hamdani, huko Pangani. Wamekaa mkekani, wananitazama. Ngoma inapiga kama mtu anayebisha hodi kisha anakimbia.

Sasa mimi nimelelewa. Siwezi kutaja shida yangu kwa wakwe kabla ya salamu. Nikawaamkia wazee mmoja mmoja, nikauliza hali ya watoto, hali ya kuku, nikatoa pole ya msiba wa mwaka juzi, yote kwa vina.

"Mstari wa kumi na mbili," linasema koti. "Na bado hujasema kilichokuleta."

Imebaki minne. Nikainamia soksi:

*Mpwa wangu fundi bomba, mfereji ukimwona unalia,*
*koki za mtaa mzima akizigusa zinatulia,*
*mkininyima Salha, mlangoni hapa nitahamia,*
*semeni ndiyo, jamani, harufu ya pilau nimeshaisikia.*

Biti nayo ikakaa mkekani. Bi Biubwa, shangazi wa binti, akawatazama wenzake.

"Hapo kwenye pilau," akasema, "arudie."

Nikarudia, wakaitikia wote. Koti likatangaza kwamba mistari yote imeingia. Mikrofoni ikafungua kinywa, na sauti yangu ikanirudia kooni, ina ladha ya tangawizi.

Niliamka namwita mke wangu, Mama Rukia, kwa sauti iliyotikisa vikombe. Akaja mbio, akasema alhamdulillahi, leo tutaposa. Nikalegea kitandani kama mtu aliyetua gunia.

Kisha akafungua kabati alipige koti pasi. Akauliza kwa nini soksi yangu ya kushoto imo mle ndani, imevikwa kwenye henga, na kwa nini imelowa mate.

Sikumjibu. Nilikuwa natunza sauti.