Fungate ya Wahudumu Wawili

Tulikutana mlangoni saa kumi na moja alfajiri, mume wangu na mimi, kila mmoja na sinia lake. Langu lilikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Lake lilikuwa na chupa ya chai, vikombe viwili, na beseni la maji ya moto; begani alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Mvua ya masika ilikuwa inashuka taratibu juu ya migomba, na mvuke wa beseni ulimfunika uso mpaka nikamwona macho tu.

"Nilidhani umelala," akasema.

"Na mimi nilidhani wewe ndiye umelala."

Kumbe nilipotoka kitandani gizani, kwa ncha za vidole, bila kuwasha taa, niliyekuwa naogopa kumwamsha ni mto. Alikuwa ameuegemeza mgongoni kwangu alipoondoka, ili baridi isinishtue.

"Karibu chai," akasema Aminieli.

"Karibu wewe."

Tukasimama pale, vikombe vinne na watu wawili, na hakuna aliyejua kukaa.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza ya fungate yetu, miaka sita sasa. Nyumba yenyewe ni ndogo, iko mwisho wa bustani ya nyumba ya wageni ya Mama Evelyn, kule juu Marangu, na husifiwa na kila anayelala humo: dirisha kubwa, baraza la mbao, viti viwili vinavyotazama mlima. Mimi nilikuwa nimeifagia miaka saba kabla sijalala ndani yake.

Nilifika kwa Mama Evelyn nikitokea kwenye mashamba ya miwa, kusini mwa Moshi. Baba yangu, Vedastus, alikuja kutoka Kasulu kukata miwa, akasema ni kwa msimu mmoja, na mpaka leo yupo. Huko ndiko nilikomalizia darasa la saba, na shule ikaishia hapo. Kule kwetu asubuhi mlima unatokea juu ya miwa, mweupe, mbali, kama mali ya watu wengine. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku ningeuamkia.

Kazi yangu ilikuwa vyumba. Nilijifunza kukunja taulo mpaka likawa bata mwenye shingo ndefu, na kuwaweka bata wawili kitandani vichwa vikigusana. Nilijifunza kumwaga maua mekundu juu ya shuka jeupe, yasiwe mengi kama sokoni wala machache kama yameanguka kwa bahati mbaya. Maharusi walikuja wa kila aina: Wazungu walioteremka mlimani na pua zilizobabuka, vijana wa Dar waliopiga picha hata chai. Sura zao nilizisahau upesi. Nilichowajulia ni vitu walivyoacha. Viti viwili vimesogezwa mpaka mikono yake inagusana. Kikombe kimoja kimenywewa na midomo miwili. Siku nyingine upande mmoja wa kitanda haujaguswa kabisa, nikajua hapa watu walinuniana. Mtu akinyamaza na kutazama, chumba humweleza mengi.

Aminieli yeye ni mpagazi wa mlimani. Wenyewe hujiita wagumu. Alikuwa akileta mizigo ya wageni kwa mlango wa jikoni, na kila akinikuta nimebeba ndoo aliichukua bila neno. Mwaka mzima alichukua ndoo. Siku moja nikamwuliza, "Kaka, hii ndoo utanibebea mpaka lini?" Akatazama chini, akasema, "Wewe panga." Basi, nikapanga.

Mama yake ndiye aliyekuwa mlima wenyewe.

Kwao, ng'ambo ya bonde, bibi harusi huwekwa ndani. Hashiki jembe, hakati majani ya ng'ombe. Mama mkwe humlisha mtori wa ndizi na maziwa mpaka shingo inenepe, na siku ya kumtoa humpa mundu wake, ndipo anaingia shambani kukata majani na wanawake wa ukoo. Mama Aminieli alikuwa ameshatandika chumba, ameshamtenga ng'ombe wa maziwa yangu. Sasa katikati ya sherehe Mama Evelyn akasimama na kutangaza zawadi: siku tatu katika nyumba ya fungate, kwa kuwa ni masika na wageni hawapo. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama Aminieli alikuwa anapanga kanga yake begani.

"Bibi harusi alale hotelini?" alimwuliza mwanawe tulipofika nyumbani, mimi nimesimama hapo hapo. "Kwani nyumba yangu inavuja?"

"Ni siku tatu tu, mama. Zawadi haikataliwi."

"Kitanda kilicholaliwa na dunia nzima." Akanitazama, mimi mtoto wa miwa, nisiyejua Kichagga zaidi ya kusema aika mtu akinipa kitu. "Haya. Mgeni aende kwa wageni wenzake. Siku ya tatu nitakuja mwenyewe kumtazama kama yu hai."

Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mgeni. Katika ndoa ile nilitaka kitu kimoja, nacho ni kutokuwa mgeni. Nilikuwa nimewahudumia wageni miaka saba, nikajua wanavyopendwa: kwa uangalifu mkubwa, kwa siku chache, kisha mashuka yanabadilishwa.

Tulifika na mvua. Aminieli alibeba begi letu kichwani, akalipita geti, akaupita mlango mkubwa, akakata kona kuelekea jikoni.

"Shemeji, leo ni mlango wa mbele," akasema Tabitha, mwenzangu wa vyumba, akijizuia kucheka.

"Miguu imezoea," akasema Aminieli, akageuka nayo.

Kitanda alikuwa amekitandika Tabitha. Nilipoingia tu niliona pembe za shuka zimelegea, na bata mmoja ameinamisha shingo kama anaumwa tumbo. Nikaweka mkoba chini, nikavuta mashuka, nikaanza upya. Nilipomaliza maua nikamkumbuka mume wangu. Alikuwa bado mlangoni, begi kichwani.

"Dada," akaniambia, "tunaweza kuingia, au chumba bado hakijawa tayari?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya maua. Ila kesho yake alfajiri, tuliposimama na vikombe vyetu vinne, kicheko hakikuja. Alhamisi angepanda mlimani na kundi la watalii wasioogopa mvua, siku saba, na mimi ningeingia kwa mama yake peke yangu. Siku tatu hizi ndizo zilikuwa za kumjua. Nami niliona anavyonishikia kikombe, kwa mikono miwili, macho yameinama. Hivyo ndivyo anavyowashikia wageni wake.

Mchana mvua ilipopungua akasema twende kwenye maporomoko. Njia inashuka katikati ya kahawa, nyembamba, yenye utelezi. Aminieli alitangulia na kikapu. Kwanza niliona mgongo wake, halafu visigino, halafu alama za viatu kwenye tope. Mgumu hatembei na mgeni. Kazi yake ni kumpita, ili mgeni akifika kambini akute hema limesimama na maji yamechemka. Nililijua hilo, lakini kulijua hakukunisaidia kitu pale nilipoteleza na kukalia tope, nikainuka peke yangu kwa kushika mti wa kahawa wa watu.

Nilipofika, kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa juu ya jiwe. Ndizi zimekatwa, chai imemiminwa. Aminieli amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Karibu sana," akasema. "Pole na safari."

Maji yalikuwa yanaanguka kwa nguvu, moshi wake ukitulowesha wote. Nikasema, "Aminieli, mimi ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Mbona nimetembea peke yangu?"

Alitazama njia nilikotokea. Akaliona gauni langu lenye tope. Akalitoa taulo dogo lililokuwa begani, akabaki amelishika kama mtu aliyevuliwa kofia.

"Dainess, fungate zote nilizoziona, nilikuwa nimebeba mizigo yake. Kuzipikia najua. Kuzisimamishia hema najua. Kukaa ndani yake ndiko sijui."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Halafu nikakumbuka pembe za shuka, na yule bata, na mume wangu amesimama mlangoni na begi.

"Hata mimi," nikasema. "Zangu nimeziona watu wakishaondoka."

Wakati wa kurudi alinitanguliza. Nilitembea mwendo wangu, na nyuma nikamsikia anavyopambana na mwendo wa polepole. Mara mbili alinikanyaga kisigino.

"Samahani," akasema. "Miguu haijui."

"Itajua."

Jioni tukawekeana sheria: kesho haamki mtu. Alfajiri tukalala tumenyooka kama magogo, macho wazi, kila mmoja akimlinda mwenzake asiinuke. Hata kukakucha kabisa. Mvua ikakatika. Ndipo ikaja sauti nje.

"Hodi humo."

Tuliruka wote wawili. Mama Aminieli alikuwa barazani, jani la mgomba kichwani, kapu mkononi, mabuti ya mvua yamejaa udongo wa bonde zima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku ya tatu nilisema nitakuja, nimekuja."

Aminieli akakimbilia vikombe. Mimi nikavuta kiti, nikaona hakina mto, nikarudi kuchukua mto, nikachukua na taulo la kumfuta miguu, tukagongana mlangoni, kikombe kikaanguka. Mama yake alikuwa anatutazama, kapu bado mkononi, kama anayetazama kuku waliotishwa na mwewe.

"Kaeni," akasema.

"Mama, ngoja nikuletee..."

"Aminieli. Kaa. Na wewe kaa."

Tukakaa ukingoni mwa kitanda, magoti pamoja, kama watoto mbele ya mwalimu. Akafungua kanga iliyofunika kapu, akatoa sufuria iliyofungwa kwa majani ya mgomba, akatoa na bakuli mbili za kwake. "Vyombo vya hapa sikuviamini," akasema. Akapakua mtori. Ulikuwa mzito, wa nyama ya mbavu, na moshi wa jiko la kuni ulikuwa umeingia ndani yake. Nilikula. Aminieli alikula. Goti lake lilikuwa limegusa langu na hakuliondoa. Ndicho kilikuwa chakula cha kwanza tulichokula pamoja tangu tufike, bila yeyote kati yetu kuinuka.

Mama Aminieli hakula. Alizunguka chumba. Alibonyeza godoro. Alimshika bata wa taulo shingoni, akamwinua.

"Hiki nini?"

"Bata, mama."

"Bata wa taulo."

"Ndiyo, mama."

"Katengeneza nani?"

"Mimi."

Alimgeuza kushoto na kulia, akitafuta mshono. Hakuuona. Akamrudisha kitandani taratibu, akamsogeza mpaka kichwa kikagusa cha mwenzake.

"Mikono unayo," akasema.

Kisha akainama kwenye kapu, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge. Ulikuwa mundu. Chuma kimeliwa na miaka mpaka kimekuwa chembamba kama mwezi wa siku ya pili. Mpini ulikuwa mpya, mweupe, unanukia mti.

"Huu nilipewa na bibi yake Aminieli, siku aliyonitoa. Mpini ndio nimeutengenezesha juzi."

"Lakini mama," akasema Aminieli, "siku ya kumtoa si bado?"

"Nimesema ni leo? Hataugusa mpaka anenepe. Nimekuja kumwonyesha tu, ajue upo." Akauviringisha tena, akaurudisha kapuni. Hakuniangalia aliposema hayo, na ilikuwa heri, kwa sababu macho yangu hayakuwa makavu. Mgeni siku mbili, walisema wahenga. Na ile ilikuwa siku ya tatu.

"Aika, mama," nikasema.

Alikuwa anataka kuondoka. Ng'ombe walikuwa wanamngoja. Tukamwomba akae barazani kidogo tu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Wakati ule mawingu yalikuwa yanapanda, na ghafla juu ya miti kilele cha Kibo kikatokea chote, theluji mpya mpaka mabegani. Mama yule alizaliwa chini ya mlima ule, akaolewa chini yake, akaubebesha majani mgongo wake miaka arobaini. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti.

"Kumbe mtu akikaa," akasema, "unaonekana."

Nikainuka, nikammiminia chai. Kuinuka kule hakunikataza.

Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa vyumba. Maharusi huniuliza wapi pazuri pa kwenda. Nawatajia maporomoko, ziwa, chemchemi za kule chini, na kuwaambia watembee polepole. Wengine huniuliza mimi mwenyewe fungate nilikwenda wapi. Nawaonyesha kwa kidole: pale, mwisho wa bustani. Hudhani nawatania.

Mundu unaning'inia jikoni kwetu, na ule mpini sasa umekuwa mweusi kwa jasho langu. Sheria ya haamki mtu haikutushinda sana, ila tuliirekebisha. Aminieli akishuka mlimani bado tunashindana kuamka. Lakini anayechelewa hujifanya amelala mpaka aletewe.

Leo nimechelewa mimi. Mgongoni naona joto, nagusa, ni mto. Nje jiko linawaka, kikombe kinagusa kikombe, halafu kimya cha mtu anayejitahidi asipige kelele. Nimefumba macho.