Adabu ya Mageni

Mageni alimheshimu mkwewe, mzee Maduhu, kupita wakwe wote wa Nyahanga. Alimwamkia akiwa ameinama, hakuketi mbele yake kabla ya kuambiwa, na kwa miaka sita hakuwahi kumkatalia neno. Walichimba dhahabu pamoja huko Geita, kwenye duara la mzee, shimo refu lililoshikiliwa na magogo wanayoyaita matimba.

Jumanne moja, kwenye saa tano asubuhi, Mageni alipanda juu akiwa na udongo shingoni. Kule chini timba moja lilikuwa limepasuka, na mchanga ulikuwa ukimwagika kila alipogonga mwamba. Alimkuta mzee akijifunga tochi kichwani, wachimbaji wenzao wamemzunguka.

"Baba, lile timba la chini limeanza kunitia wasiwasi," alisema, macho yakiwa kwenye buti za mzee.

"Lile nililiweka mimi mwenyewe," Maduhu alijibu.

Watu wakamgeukia Mageni. Kurudia kungekuwa kumwambia mkwe, mbele ya vijana wake, kwamba hajui kazi. Mageni alitaka kusema limepasuka. Akasema sawa, baba. Mzee akashuka.

Hata robo saa haikupita, ardhi ikatitia. Walimfukua kwa siku mbili.

Msibani Nyahanga, mdogo wa marehemu alisimama mbele ya waombolezaji akamsifu Mageni. Alisema vijana wa sasa hawana adabu, lakini huyu hakuwahi kumjibu mzee hata siku moja. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mageni alitazama chini, nao wakaona huo ni unyenyekevu.

Mkewe, Limi, alimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa ameshasikia habari kwa wachimbaji.

"Uliliona limepasuka?"

"Nililiona."

"Ukamwambia limepasuka?"

"Nilimwambia nina wasiwasi."

Limi akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Bora ungemtukana," alisema. "Tungekwenda kumwomba radhi, akiwa hai."

Kutoka uani wazee walimwita Mageni aje kuketi nao. Walikuwa wamemtengea kiti cha mtoto wa kiume wa marehemu. Alimtazama mkewe, naye akageuza uso. Kukataa wito wa wazee kulikuwa utovu wa adabu.

Akaenda, akawaamkia mmoja mmoja, akaketi.