Skrubu Mbili Katika Taya la Lucinda

Meno ya Lucinda yalimtoka mdomoni mbele ya majaji, katikati ya wimbo, mchana wa jua kali. Wala hayakuanguka kimya kimya. Yalitoka yote manne pamoja na bamba lake la rangi ya waridi, yakagonga tarumbeta, yakadondoka kwenye nyasi za uwanja karibu na kiatu cha jaji mmoja. Jaji akaruka nyuma kama aliyeona panya. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Lucinda aliinama, akayaokota, akayapangusa kwenye suruali nyeupe ya bendi, akayarudisha kinywani na kuendelea kupiga. Lakini bamba lilishalegea. Ilipofika ile sauti ya juu ambayo watu wa mtaa wao, Elsies River, hutoka majumbani kuisikiliza, tarumbeta ililia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Bendi ilishika nafasi ya tisa. Bendi zilikuwa tisa.

"Sikutukani," alisema Anko Basil, kapteni wa bendi, walipokuwa wakipakia ngoma kwenye lori. "Mimi mwenyewe nina pengo. Lakini mimi napiga fimbo hewani, sipulizi kitu. Tarumbeta ya kwanza haipigwi na mtu wa meno ya gundi. Mwakani Ashwin atakaa mbele."

Ashwin alikuwa mpwa wake. Alipiga vizuri sauti za chini. Za juu alikuwa akizikwepa, na wote walijua.

"Kile kiti ni changu, Anko," alisema Lucinda.

"Kiti ni cha bendi. Na meno yako ni ya kuvua na kuweka sandukuni."

Wanaume wakacheka. Lucinda alipanda lori, na usiku kucha ulimi wake ulikuwa ukipita pale penye ufizi mtupu, huku na huku.

Mtaani kwao pengo halikuwa aibu. Mama yake, Merle, alikuwa nalo. Bibi yake alizikwa nalo. Watu waling'oa meno manne ya mbele yakiwa mazima kabisa, wakavaa ya bandia siku za harusi na kanisani, na siku nyingine wakatembea na pengo lao kifua mbele. Lucinda alipofikisha miaka kumi na sita, mama yake alimpeleka kung'olewa, na hiyo ndiyo ikawa zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Alifurahi siku ile. Picha ipo ukutani mpaka leo, midomo imevimba, anacheka. Tarumbeta alikuja kuishika baadaye, wanawake walipoanza kukubaliwa kwenye bendi ya Krismasi, ile inayopita nyumba hadi nyumba kila mwaka.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa kiwandani, akaacha cherehani yake, akaenda hospitali ya meno. Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Govender, mwenye mikono ya haraka.

"Unataka meno ya namna gani?" aliuliza.

"Ambayo hata nikipuliza tarumbeta mbele ya Mungu hayatoki."

Daktari akacheka, akamwonyesha picha ya taya lake. "Mfupa usiobeba jino hukonda. Wako umekonda, lakini bado unatosha. Tutatoboa matundu mawili hapa na hapa, tupachike skrubu mbili. Kisha tunashona ufizi juu yake na kungoja. Hapo kazi si yangu tena, ni ya mfupa. Mfupa utazikumbatia zile skrubu polepole, miezi minne, mitano, labda sita. Mfupa ukishazishika, tunafungua ufizi na kujenga meno manne juu yake."

"Inauma?"

"Wakati wa kutoboa kuna ganzi, utasikia kelele na mtikisiko tu. Jioni ganzi ikiisha ndipo utanitaja kwa jina. Siku ya pili utavimba, ya tatu utavimba zaidi, usije ukaniita muuaji. Baada ya hapo uvimbe unashuka. Chakula laini, maji ya chumvi, sigara hapana."

"Sivuti."

"Na tarumbeta hapana."

"Hata kidogo?" aliuliza Lucinda.

"Hata ubeti mmoja. Tarumbeta inagandamiza hapa hapa penye skrubu. Ukizitikisa kabla mfupa haujashika, zitalegea, tutazitoa, na sijui kama mfupa utakaobaki utakubali mara ya pili. Nenda kafikirie."

"Nimeshafikiria," alisema Lucinda. "Andika siku."

Mama yake alipoambiwa alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo zawadi yangu unairudisha."

"Mama, si hivyo."

"Ni hivyo! Nilijinyima nikuvike kama binti wa kwetu, leo unakwenda kutobolewa kichwa ili ufanane na wale matajiri wa ng'ambo ya reli. Utaanza na kupaka nywele rangi sasa? Utaniita mamii?"

"Nataka kupiga tarumbeta."

"Piga ngoma! Ngoma haina meno!"

"Mdomo ni wangu, Mama. Wa kwanza ulichagua wewe. Wa pili nachagua mimi."

Merle akaokota kisu na kiazi. Tangu siku hiyo hakumtazama binti yake mdomoni. Akiongea naye alitazama sikio.

Skrubu zilipachikwa siku ya mvua. Kila kitu kikawa kama daktari alivyosema, kelele kama ya fundi anayetoboa ukuta, ila ukuta wenyewe ni wewe. Alihisi kichwa kikitikisika mpaka kisogoni, lakini maumivu hayakuwepo. Yalikuja jioni, yakakaa. Siku ya tatu mdomo wa juu ulikuwa mnene kama mkate, na jirani yao, Anti Fredeline, alipomwona akitoa takataka alipiga yowe, "Yesu wangu, nani amekupiga?"

"Nimejipiga mwenyewe," alisema Lucinda.

Alikula uji, viazi vya kupondwa na supu iliyopoa. Supu aliipika Mama, akaiacha ipoe mezani kabla Lucinda hajarudi kutoka kazini.

Jumapili iliyofuata alivaa koti la bendi, akachukua tarumbeta, akaenda mazoezini kwenye ukumbi wa kanisa. Akakaa kwenye kiti cha mbele, kile kile. Ashwin alisimama na tarumbeta yake mkononi, hajui aweke wapi miguu.

"Wewe," alisema Anko Basil. "Umeruhusiwa kupuliza?"

"Bado."

"Sasa umekaa hapo kufanya nini?"

"Kukaa."

"Lucinda, usinichezee. Hiki si kituo cha basi."

"Mwambie Ashwin alete kiti kingine. Cha mbele hiki kina mtu."

Wazee wa trombone wakaanza kukohoa ili wasicheke. Anko Basil alipiga fimbo kwenye stendi ya karatasi, akaanzisha wimbo. Lucinda aliweka tarumbeta mapajani, vidole juu ya vibonyezo, akapiga wimbo mzima bila pumzi. Vidole vilikwenda, midomo imefungwa. Akafanya hivyo Jumapili ile na Jumapili zote za baada yake. Wengine walimwita Sanamu. Mtoto wa Anko Basil alimwekea ua mapajani, naye Lucinda akaliacha hapo mpaka mazoezi yakaisha.

Kisha akafa Anko Hendrik.

Anko Hendrik ndiye aliyemfundisha Lucinda. Alimfundisha nyuma ya ukumbi huo huo, kwa subira, akimtemea mate begani kila aliposema neno lenye "p", kwa sababu na yeye alikuwa na pengo. Mwanabendi akifa, tarumbeta ya kwanza hupiga ubeti wa kwanza peke yake kaburini, kabla bendi haijaingia. Na wimbo alioupenda Hendrik ulikuwa na ile sauti ya juu.

Asubuhi ya mazishi Ashwin aliijaribu mara kadhaa nje ya makaburi. Ikampasukia kila mara. Jasho lilimtoka, na ilikuwa baridi ya Juni.

Anko Basil akaja kwa Lucinda. Safari hii hakuwa na fimbo.

"Mwanangu, piga wewe. Ubeti mmoja."

"Siwezi, Anko."

"Zimepita wiki ngapi sasa? Mtu kakushika mkono tangu hujui hata upande wa kupulizia. Utamwacha aingie ardhini na sauti ya kupasuka?"

Merle alikuwa amesimama pale na mwavuli, anasikia. Watu wengine nao walisikia. Mjane wa Hendrik alimtazama Lucinda kwa macho mekundu, na hilo ndilo lilikuwa zito kuliko maneno ya Basil. Tarumbeta ilikuwa mkononi. Kidomo chake cha shaba kilikuwa baridi. Aliinua mpaka karibu na kidevu. Ulimi ukapapasa ufizi uliofunga juu ya skrubu, ambao bado ulikuwa mwororo kama wa mtoto mchanga.

Akaishusha.

"Huwezi au hutaki?" aliuliza Basil.

"Sitaki," alisema Lucinda, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wachimba kaburi. "Anko Hendrik aliniambia tarumbeta si ya siku moja. Nikipiga leo, sitapiga tena."

"Basi Krismasi usije. Na kiti..."

Hakumaliza. Lucinda alikuwa ameshampita. Alikwenda mpaka ukingoni mwa kaburi, akampa Ashwin tarumbeta yake aishike, akafungua kinywa na kuimba. Aliimba ule ubeti peke yake, kwa kasi ya tarumbeta, pengo wazi, hana bamba wala kitambaa cha kujificha. Upepo ulipita pale penye uwazi na kila "s" ikapiga filimbi. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye sauti ya juu aliipanda bila kuogopa, ikakaa, akaishikilia mpaka mjane akaketi chini kwenye udongo. Ndipo bendi ikaingia.

Wakati wa kurudi mama yake alitembea upande wake, mwavuli ukiwafunika wote wawili.

"Mzee Hendrik angekupiga kofi kama ungeipuliza," alisema Merle, akitazama sikio.

"Najua, Mama."

Kiti hakikuondolewa. Jumapili Lucinda alikikuta mahali pake, akakaa.

Oktoba daktari alifungua ufizi, akagonga skrubu kwa kijiti cha chuma, akasikiliza mlio wake, akatabasamu. "Mfupa umeshika. Sasa hizi ni zako." Vipimo vikachukuliwa, na siku ya meno yenyewe Lucinda alikaa kwenye kiti akiwa ameshika tarumbeta tumboni kama mkoba.

"Usikimbilie," alisema Govender. "Mdomo wako umezoea nyumba bila mlango. Utaanza upya."

Alianza upya kweli. Alijifungia bafuni, taulo chini ya mlango, na sauti ya kwanza ikatoka mbaya kuliko ile ya uwanjani. Midomo haikujua iegemee wapi. Meno yalikuwa magumu, hayakurudi nyuma, hayakucheza. Yale ya bamba alizoea kuyabembeleza, na haya hayakutaka kubembelezwa. Jioni baada ya jioni aliijaribu ile sauti ya juu, ikakataa.

"Lucinda!" Anti Fredeline alipiga kelele ng'ambo ya ukuta. "Huyo ng'ombe mchinje basi apumzike!"

"Bado hajanona, Anti!"

Mazoezini Anko Basil alimsimamisha mbele ya wote. "Haya. Tumengoja mwaka mzima. Tusikie hayo meno ya kizungu."

Alipiga. Ikapasuka. Nyuma mtu akatoa mlio wa mbuzi, kumbukumbu ya uwanjani.

"Kaa nyuma," alisema Basil.

"Tena," alisema Lucinda.

"Nimesema..."

Alishapuliza. Ikapasuka tena, juu kidogo. Akapangusa midomo, akabonyeza kidomo penye meno yale yasiyosogea, na kwa mara ya kwanza akaliegemea taya lake kwa nguvu zote, bila kuogopa kitu kuruka. Sauti ikapanda. Ikafika. Ikasimama pale juu, nyembamba na safi, mpaka vioo vya ukumbi vikajibu.

Ashwin aliinuka na kiti chake, akakisogeza mstari wa pili. "Anko, mimi nilikuwa namlindia nafasi tu," alisema. "Nimechoka kuilinda."

Asubuhi ya Krismasi bendi ilikuja mtaani kwao, suruali nyeupe, vumbi na jua, watoto mbele. Merle alikuwa ameweka meza uani kama kila nyumba ya mwanabendi inavyofanya, kitambaa kipya, nyama baridi, juisi, na sinia la koeksista, maandazi matamu ya nazi yanayonata. Lucinda alipiga akiwa amegeukia mlango wa mama yake. Ile sauti ya juu ilipita juu ya mabati.

Bendi ilipovamia meza, Merle alimshika kidevu.

"Fungua nione."

Lucinda alifungua. Mama alitazama mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya viazi. Alitazama kwa muda mrefu kama mtu anayenunua farasi.

"Yamenyooka mno," alisema. "Si ya kwetu."

"Ni ya kwangu."

"Zawadi yangu ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri, Mama. Niliifurahia."

Merle akacheka, pengo lake wazi, akamtia koeksista mkononi. "Tafuna basi tuone kama yanafanya kazi nyingine zaidi ya kelele."

Barabarani Anko Basil alikuwa ameshapanga mistari. Akainua fimbo. "Tunaondoka! Tarumbeta ya kwanza!" aliita, bila kugeuza kichwa.

Lucinda aling'ata koeksista kwa meno ya mbele. Bendi yote ilisimama juani, fimbo ya Basil hewani, mkono ukianza kuchoka. Akawangojesha mpaka akamaliza kutafuna.