Mashemeji Ndani ya Gari Moja

Kwa miaka minne Odiel Casteleyn na shemeji yake Gerolf Vanneste waliendesha gari moja la mbio bila kusemezana. Haikuwa kazi rahisi. Katika mashindano yale ya madereva wa ridhaa kila gari lina madereva wawili wanaopokezana, na anayetoka ndiye anayemfunga mikanda anayeingia. Basi katikati ya kila mbio Gerolf alijitumbukiza kitini, na Odiel akamwinamia kama mama anayemvisha mtoto sweta, akamkaza mabega, kiuno na mapaja, akamgonga kofia kuonyesha kwamba tayari, akafunga mlango. Macho yao hayakukutana. Timu nyingine ziliwasifu kwa wepesi wao, maana hawakupoteza muda kutakiana heri.

Odiel alikuwa daktari wa mifugo upande wa mji wa Roeselare. Gerolf alikuwa na kiwanda cha madirisha, na Jumapili zisizo na mbio alikuwa mwamuzi wa chama cha njiwa wa mashindano. Ugomvi ulizaliwa huko. Njiwa wa Odiel, jike la kijivu, alirushwa kutoka kusini mwa Ufaransa akafika kwao wa kwanza, akatua juu ya paa, akakaa. Odiel alimbembeleza kwa mahindi, kisha kwa mluzi, mwishowe kwa matusi. Njiwa akawa anachambua manyoya yake. Alipojisikia kuingia bandani, saa, ambayo humhesabu njiwa akishaingia tu, ilimhesabu wa tisa. Odiel akaapa kwamba alimwona akifika kwa macho yake mwenyewe. Gerolf akamjibu mbele ya chama kizima kwamba macho ya shemeji si saa.

Hildegonde, mke wa Odiel na dada yake Gerolf, alijaribu kuwapatanisha Krismasi mbili mfululizo, kisha akaacha, akisema ana mambo mengine ya kufanya. Gari walikuwa wamelinunua pamoja kabla ya habari ya njiwa, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Walilotaka kuambiana walimwambia Annelore.

Annelore ndiye aliyekuwa mhandisi wao, mwanamke mtulivu aliyekaa mbele ya skrini na kuongea na dereva kwa redio. Odiel akilalamika kwamba mwenzake anachoma breki, Annelore alimwambia Gerolf aziangalie breki. Gerolf akisema kuna watu wanaogopa kona ya kushoto, Annelore alimwambia Odiel kona ya kushoto ina nafasi. Alikuwa na mume na watoto wawili, na alisema kwamba nyumbani huenda kupumzika.

Mwezi wa Septemba wakaenda kwenye uwanja wa mbio wa Francorchamps. Odiel alianza mbio, akaendesha vizuri tu, akaliingiza gari likiwa la nane. Akamfunga shemeji yake mikanda, akamgonga kofia, gari likaondoka na matairi laini ya barabara kavu. Jua lilikuwa kali. Odiel akavua kofia, akaketi kunywa maji.

Hapo Annelore akanyanyua glasi yake ya sharubati ya tufaha bila kuitazama, na ndani mlikuwa na nyigu.

Odiel alimwangalia mdomo kwa kurunzi. Alimuuliza kama anapumua sawasawa, naye akaitikia kwa kichwa. Akampa barafu na kidonge, akamwambia ng'ombe huvumilia zaidi. Lakini mdomo ulivimba kama andazi, na maneno yaliyotoka hayakuwa Kiflandi wala lugha nyingine. Daktari wa uwanja naye akaja, akasema ni vile vile, akaenda zake. Annelore akavua vipokea sauti, akavisukuma kifuani mwa Odiel.

Odiel akavivaa. Gari likapita mbele yao, naye hakubonyeza kitufe cha kuongea. Annelore akamtazama. Odiel akatazama skrini.

Kwenye skrini, ule upande wa bondeni nyuma ya msitu, kulikuwa na wingu jeusi, na mafundi wa waandaaji walikuwa wanafunguliana miamvuli. Pale walipokaa wao jua lilikuwa linawaka. Gerolf alikuwa bado hajafika huko. Odiel alifikiri kwamba mtu anayeamini saa tu angeweza kusubiri saa imwambie. Fikra hiyo ilimpendeza kwa kitambo. Kisha akakumbuka jinsi lile bonde linavyoteremka, akabonyeza kitufe.

"Mvua inanyesha bondeni," alisema.

Redio ikakoroma kidogo. "Nani huyo?"

"Mimi."

Gari liliendelea kupanda mlima.

"Annelore yuko wapi?"

"Kaumwa na nyigu."

"Wapi?"

"Mdomoni."

"Umemwangalia?"

"Nimemwangalia. Hatakufa. Punguza mwendo, shemeji, kisha njoo tukubadilishie matairi."

"Huku kukavu. Naona vumbi."

"Gerolf," alisema Odiel, "siku ile nilikwambia kafika, ukakataa. Leo nakwambia imefika. Fanya unavyotaka, lakini usije ukasema hukuambiwa."

Odiel alilitazama gari likishuka bondeni, na kabla tu ya kona taa zake za breki zikawaka mapema, mapema mno kwa mtu wa barabara kavu. Mbele yake magari matatu yaliingia majini kwa kasi, yakazunguka kama pia, yakaishia kwenye changarawe moja baada ya jingine kwa utaratibu mzuri. Gerolf akayapita polepole kama mtu anayepita mbele ya kanisa. Akaingia kubadilisha matairi. Alipotoka, wengine wakiwa bado wanateleza, alikuwa wa tatu.

"Ilikuwa mvua," alisema kwenye redio.

"Ndiyo."

"Nyingi."

"Niliiona."

Kwa muda waliongea hivyo, kona kwa kona. Kisha jua likatoka bondeni pia. Odiel akasema arudi avae matairi makavu. Gerolf akasema asubiri, bado kuna maji. Odiel akasema maji ni ya kichwani mwake. Wakabishana mizunguko mitatu mizima, matairi ya mvua yakaungua, wakapitwa na kila aliyekuwa na akili, na bendera ilipopungwa walikuwa wa sita.

Gerolf alishuka garini akiwa mwekundu. Alisema kosa ni la aliyekuwa kwenye redio, ambaye hakusema kwa nguvu. Odiel alisema amesema kwa nguvu hadi mafundi wa jirani wamesikia, waulizwe. Mafundi wa jirani waliulizwa, wakakiri. Ubishi ukawafuata hadi kwenye kibanda cha chipsi, na Gerolf akamlisha Odiel hoja zake pamoja na mayonezi, maana alikuwa anaongea na kijiti cha kulia chipsi mkononi.

Simu ya Odiel ikalia. Hildegonde alitaka kujua matokeo.

"Tumekuwa wa sita," Odiel alisema. "Na kaka yako ni kichwa maji, nimemwambia."

Upande wa pili sufuria iliwekwa chini.

"Umemwambia yeye mwenyewe?"

"Yuko hapa. Anasema mimi ndiye kichwa maji."

Hildegonde akasema wasijaze matumbo chipsi, yeye anaweka nyama jikoni, na Annelore atatengenezewa supu.