Alama Nyekundu kwenye Skrubu

Nimeshona magauni ya kisiwa miaka ishirini na sita, na sijawahi kushindwa na cherehani. Nasema hivi mapema ili mnielewe nilivyochanganyikiwa Jumanne ile, siku nne kabla ya harusi ya binti yangu Leisavi. Niligeuza mshono wa bega nikakuta uzi wa juu umetokeza wote chini, vitanzi vitupu, na kitambaa kimejikunyata.

Hapa kisiwani kwetu Nguna wanawake hatusifii gauni kwa mbele tu. Mwenzako atakukumbatia, atasema umependeza, na huku mkono wake umeshafika kwenye pindo, analigeuza aone upande wa ndani. Hata mlangoni pa kanisa. Leisavi nilimfundisha hivyo tangu ana miaka saba: usiniambie umeshona mpaka nimeona ndani.

Na gauni la harusi la binti, katika ukoo wetu, hushonwa na mama yake. Mama yangu alinishonea langu kwa cherehani hiki hiki cha mkono. Mimi nimeingoja zamu yangu tangu siku nilipomzaa Leisavi: kitambaa cheupe, utepe wa buluu, lesi shingoni, na mabawa mapana ya kitambaa ubavuni. Sikuwa na shida na kingine chochote katika harusi ile. Nguruwe wa karamu na mikeka ya zawadi wangeshughulika nayo wengine.

Marinet, wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amefika Jumatatu kwa boti kutoka mjini Vila. Leisavi aliishi kwake miaka mitano akisoma. Sasa Marinet alikaa kizingitini akila ndizi za kuchoma, ananitazama ninavyohangaika.

"Wifi Leipakoa, hicho cherehani kimezeeka kama mwenyewe."

"Kimezeeka lakini kinafanya kazi. Wewe je?"

Tukacheka. Ndivyo tulivyo tangu nilipoolewa.

Nilifanya yote ninayoyajua. Nilitoa uzi, nikainua mguu wa cherehani, nikaupitisha upya, maana mguu ukiwa chini uzi hauingii vizuri katikati ya visahani vinavyoubana. Nikabadili sindano. Nikasafisha nyuzinyuzi kwa unyoya wa kuku. Nikaweka uzi mwekundu juu na mweupe chini nione nani anamvuta mwenzake, na mwekundu ukatokeza wote chini. Nikakaza kitufe cha juu cha kubana uzi, namba nne, tano, sita. Kitambaa kikajikunja, kisha uzi ukakatika. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi nikalia mbele ya cherehani kama mtoto.

Leisavi, aliyekuwa ameniletea chai, akanishika bega.

"Mama, acha kujitesa. Si lazima."

"Si lazima nini?"

"Shangazi amekuja na gauni. Kama akiba tu, likihitajika."

Marinet akalitoa kwenye begi. La dukani, jeupe, limebana kiunoni, halina mabawa. Leisavi akalivaa, likamkaa sawasawa, hata urefu. Gauni la akiba, limepimwa mpaka kwenye kifundo cha mguu!

"Bahati nzuri nimekuja nalo, ee wifi?"

Neno hilo bahati lilinitia shaka. Walipotoka kwenda kusaidia kupika, nikatoa kikasha cha bobini, kinachoshika uzi wa chini, nikakining'iniza kwa uzi wake na kukitikisa. Kikiwa sawa hushuka kidogo, kinasimama, kinashuka tena. Hiki hakikushuka hata upana wa ukucha. Uzi wa chini ulikuwa umebanwa mno. Ndipo nikaitazama skrubu.

Ubavuni mwa kikasha kuna skrubu moja, ndogo kama punje ya mchele, na hiyo kwetu haiguswi. Mama yangu aliiwekea mstari wa rangi nyekundu ya kucha, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye kikasha, ikisogea ijulikane. Mimi huupaka upya kila mwaka. Sasa zile nusu mbili zilikuwa zimeachana. Skrubu huweza kulegea yenyewe kwa mtikisiko, lakini kujikaza, haijikazi. Sikuwa nimeiangalia mapema kwa sababu sikudhani nyumbani mwangu kuna mtu wa kuigusa.

Damu ikanipanda. Nikamfuata Marinet jikoni, anakuna nazi.

"Umeniharibia cherehani changu ili gauni lako livaliwe."

"Mimi? Wifi, leo umekunywa nini?"

"Kuna mtu amekigusa, Marinet. Sitanii."

Akaacha kucheka. Akatupa jicho kule kwenye tangi la maji, alikokuwa Leisavi akiosha majani ya kufungia laplap, chakula chetu cha karamu. Kisha akasema harakaharaka, "Haya, ni mimi. Ulikuwa utani tu. Nisamehe."

"Uligusa wapi?"

"Si pale... kile kitufe cha juu, chenye namba."

"Ulikizungusha upande gani?"

"Jamani, nimeshakuomba msamaha! Unataka nini tena?"

Mwanamke huyu hunisafirishia hata kifungo nimshonee. Hajui kikasha cha bobini kinatolewaje. Anayeijua skrubu ile, na bisibisi ndogo ninayoificha kwenye kopo la vifungo, ni mmoja tu, na nilimfundisha mwenyewe.

Nilirudi kwenye cherehani. Mwanangu amenisaliti, na wala hakuwa na haja. Angesema, "Mama, nataka la dukani." Ningefoka, ningenuna siku mbili, kisha ningempa baraka zangu. Badala yake alinitazama siku tatu nikihangaika na unyoya wa kuku, ananiletea chai, ananipa pole. Chai ile iliniuma kuliko skrubu.

Nikazungusha skrubu mpaka nusu mbili za mstari zikakutana. Nikashona kipande cha kitambaa cheupe, uzi mwekundu juu, mweupe chini. Nilipomaliza nikakitia mfukoni.

Alasiri Leisavi akaingia. "Mama, kimekubali?"

"Kimenishinda. Vaa la shangazi yako."

Akanikumbatia upesi. "Pole, mama yangu. Umejitahidi sana. Cherehani chenyewe kimechoka."

Nikampa kile kipande. "Nitupie hiki."

Akakipokea. Hakufikiri, ni mkono wake tu uliozoea: kabla hajafika mlangoni akakigeuza aone upande wa ndani. Uzi mweupe ulikuwa umenyooka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na hata nukta moja nyekundu. Akasimama pale pale, amenipa mgongo.

"Mama..."

Nilikuwa nimeshakifunika cherehani.

"Jumamosi nitakuja kanisani," nikamwambia. "Nitakukumbatia, nitasema umependeza. Pindo sitaligeuza."