Rili Isiyo na Masikio

Ndugu yangu Fanus aliingia dukani Alhamisi asubuhi, viatu vimejaa mchanga, akasema anataka fimbo moja ya kuvulia, ya kutumia mashuani na ufukweni. Nikamwambia mtaka yote hukosa yote. Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwama kwenye lile neno la mashuani.

Fanus amevua tangu utoto, lakini miguu yake haijawahi kutoka mchangani. Hapa Henties Bay wengi wetu tuko hivyo. Unaegesha pikapu karibu na mawimbi, unachomeka fimbo kwenye bomba lililosimikwa mchangani, unawasha moto wa nyama, unangoja. Sasa mzee Lourens, anayepeleka wageni kuvua papa kwa mashua yake, alikuwa amekimbiwa na msaidizi, akamwita Fanus aanze Jumamosi. Fanus alinieleza habari hiyo kwa furaha ya mtu aliyeposa akakubaliwa.

"Nitakuwa kama baba," akasema.

Hicho ndicho nilichokiogopa. Baba yetu alifia baharini mimi nikiwa na miaka kumi na minne, Fanus minne. Mama alimwambia kwamba wimbi lilimrusha baba majini, na mimi akaniapisha niseme hivyo hivyo. Lakini nilikuwepo mashuani. Baba alikuwa amevaa mkanda wa kifuani na kuunasa kwenye masikio ya rili, kile chombo cha kukunjia mshipi kwenye fimbo; masikio ni yale matundu mawili ya chuma yaliyo juu yake. Na breki ya mshipi alikuwa ameifunga kabisa, mshipi usitoke, kama alivyozoea ufukweni. Ufukweni papa akikuvuta unakaa chini, unachimba visigino, na wenzako wanakushika kiuno huku wanakucheka. Mashuani hakuna mchanga. Nilimshika mguu, nikabaki na kiatu.

Ningeweza kumwambia Fanus pale pale. Duka lilikuwa tupu, mama tulishamzika, kiapo chenyewe kilikuwa kimebaki na nani? Badala yake nikajifanya mjanja. Nikaamua kumchagulia chombo ambacho hawezi kujifunga nacho.

Yeye alikuwa ameshaziendea rili za ngoma, zile zinazopendwa na wanaume wa pwani hii, zenye masikio. Nikamvuta hadi upande wa pili, kwenye zile za mkono wa kuzungusha, ambazo wanaume wetu huziita visagio vya kahawa. Nilikuwa nazo sita, kila moja ya aina yake, na hakuna hata moja iliyokuwa na masikio.

"Dada, unataka nichekwe?" akasema. "Hizi si za watalii?"

"Watakucheka zaidi mshipi ukikuvurugikia kwenye ngoma, mgeni anatazama, na papa anakwenda zake."

Nikamweleza kwamba mashua inapoyumba na vidole vimelowa, ngoma inataka dole gumba lililotulia juu ya mshipi, na la kwake halijazoea. Kisagio kinaachia mshipi chenyewe. Yote yalikuwa kweli tupu, na ndiyo maana yalimwingia. Fimbo nikamchagulia ya futi kumi, ya vipande viwili. Ni fupi kuliko ile ya futi kumi na nne anayotumia mchangani, na ndefu kidogo kwa mashua, ila bado ingeweza kurusha chambo kuvuka wimbi la kwanza.

Tukaijaribu kama tunavyowajaribia wateja wote, mshipi tukaufunga kwenye nondo za mlango naye akarudi kinyumenyume hadi barabarani, fimbo imejipinda. Breki ikaachia taratibu, bila kushtuka. Fanus akaikaza mpaka mwisho. Nikaifungua. Akaikaza tena. Akasema baba alikuwa anaifunga kabisa na samaki walikuwa wanatoka.

"Baba alikuwa baba," nikamjibu.

Akaiacha breki, akanitazama. Niliona swali linamjia usoni, nikainama chini ya kaunta kutafuta boksi. Naukumbuka woga ule mpaka leo, na naona aibu.

Bado alikuwa anasitasita, macho yanarudi kwenye ngoma. Basi nikampigilia msumari wa mwisho. Nikasema fimbo na rili kama ile hakuna nyingine pwani yote, na daktari mmoja wa meno wa Windhoek ameniomba nimwekee. "Nakupa wewe. Ukiipoteza, usikanyage mlango wangu tena."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Sitaipoteza, dada."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifunga duka siku hiyo naimba.

Jumamosi ukungu ulilala juu ya mapaa na haukuondoka. Bahari ilinuka mayai viza. Huwa inanuka hivyo sumu inapopanda kutoka chini, na siku kama hizo samaki hukimbilia maji safi, na papa huwafuata. Nilisikia injini ya mzee Lourens ikipambana na mawimbi, halafu sikuisikia tena. Hata ndege hawakuwepo.

Saa tatu Driekie, mke wa Fanus, akaja na biskuti zake ngumu za kuchovya kwenye kahawa. Alikuwa na furaha na usingizi kwa pamoja. Akasema mumewe alikesha gereji akitoboa kitako cha fimbo, akatia pete ya chuma, na kwenye pete akafunga kamba.

"Kamba ya nini?" nikamuuliza.

"Asiipoteze. Si ulimwambia hakuna nyingine? Ufukweni huwa anaifunga kwenye bampa ya pikapu akienda kugeuza nyama. Sasa mzee Lourens hataki fundo lolote kwenye mashua yake, anasema linaita mkosi. Basi Fanus kajifunga mwenyewe, kiunoni, ndani ya koti mzee asione. Nilijaribu kulifungua lile fundo kwa utani, wifi, likanishinda."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Niliweka kikombe chini, nikaichukua redio ninayotumia kuzungumza na mashua. Nikaita mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mzee Lourens akajibu, sauti imechangamka.

"Hesma! Ndugu yako kashika mnyama hapa. Mgeni kapewa fimbo kaogopa, sasa Fanus anapambana mwenyewe. Na kisagio cha kahawa, fikiria!"

"Mwambie aikate kamba."

"Kamba gani? Kwenye mashua yangu hakuna kamba."

"Iko kiunoni mwake, ndani ya koti. Lourens, chukua kisu umwendee. Acha redio, nenda."

Nilimsikia akimuuliza mtu kitu. Nilimsikia mgeni akicheka, na kicheko kikakatika katikati. Halafu kelele za viatu, halafu redio ikawa inakoroma tu. Driekie alikuwa ameshika biskuti, tabasamu bado liko usoni mwake, hajui pa kulipeleka.

Tulingoja. Sijui ni dakika ngapi.

"Hesma." Sauti ya mzee Lourens ilikuwa imezeeka. "Fimbo imekwenda. Fanus karuka kuifuata. Nimezunguka, simwoni, ukungu huu... Hesma, mtu mzima anarukaje majini kwa ajili ya fimbo?"

"Hakuruka," nikasema.

Driekie akaniuliza, kama hakuruka, ilikuwaje. Na safari hii, nikiwa nimechelewa miaka yote ile, nikamwambia kila kitu.